Blauzi Iliyotosha Wasichana Wawili

Landhi za Reli,
Nyumba ya mwisho karibu na tangi la maji,
Molo, Kenya.
Tarehe 23 Juni 1957

Mpendwa binti yangu Milcah Namalwa,

Nakusalimia kwanza kabla ya neno lingine lolote. Hujambo? Kifua hakijambo? Na miguu, hiyo baridi ya Uingereza haijakuuma vidole? Unakula ukashiba, ama wanakukatia ule mkate mwembamba ambao mtu akiuinua anaona dirisha? Nijibu moja moja, usiruke hata swali moja.

Sisi hapa hatujambo. Mama yako mkubwa Eucabeth ni mzima, ila anasema sana. Mimi mwenyewe ni mzima kabisa. Goti la kushoto linalia asubuhi, lakini likipata jua linanyamaza. Kwa umri wangu hakuna mzee mwingine hapa Molo anayepanda ile ngazi ya tangi la maji bila kupumzika katikati. Uliza mtu yeyote.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe na leo ni siku ya tatu. Mwalimu Kiplangat alitaka kunisaidia, nikakataa. Yaliyomo humu sitaki Kiplangat ayapeleke kwa watu. Halafu mimi nilisoma kwa misheni miaka miwili nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, kwa nini nishikiwe kalamu? Ukiona herufi imelala, jua nilikuwa nimechoka. Usiseme sijui.

Baridi ya mwaka huu si mchezo. Sakitu inalala juu ya kabichi za Eucabeth mpaka saa tatu asubuhi. Wale wanaochuma pareto huko Sachangwan wanachuma vidole vikiwa vimekufa ganzi. Abiria wanaotoka Nakuru na shati moja wakishuka hapa wanakimbia moja kwa moja kwenye chai, hata mizigo wanasahau.

Sasa nakuja kwenye picha.

Picha yako ilifika mwanzo wa mwezi huu pamoja na barua yako. Umesimama mbele ya mlango wa nyumba ya wauguzi, theluji imepita viatu, unacheka. Vizuri. Na mabegani una nini? Una shali ya Cheptanui. Shali ya Cheptanui, Milcah! Nimetafuta blauzi yangu katika picha hiyo juu na chini, kushoto na kulia, sikuiona. Je, ilikuwa ndani ya shali? Ama uliiacha kitandani? Hilo swali nitakuuliza mara moja tu halafu ninyamaze, maana mimi si mtu wa wivu.

Lakini hebu nikuulize, Cheptanui ni nani? Ni bibi ya Kemboi, nyapara wa genge la reli. Nyumba yake na yetu zinagusana ukuta, akikohoa mimi nashtuka. Ni jirani mwema, sikatai. Lakini sindano ya kroshia ameishika mwaka juzi tu! Alienda kile chama cha akina mama kule ukumbini, bibi mmoja wa kizungu akawapa uzi mpya wa dukani na karatasi zenye michoro, wakahesabu moja mbili tatu, na baada ya miezi mitatu wakaambiwa wanajua.

Mimi sindano hiyo niliishika mwaka 1926, kabla baba yako hajaoa. Nilikuwa mshika bendera katika stesheni ndogo, treni mbili kwa siku, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati hakuna kitu isipokuwa upepo. Mke wa stesheni masta, mama wa Kigoa, alikuwa akikaa barazani kufuma vitambaa vya meza. Wiki nzima nilitazama mikono yake. Wiki ya pili nikachukua spoku, ule waya wa gurudumu la baiskeli, nikaisugua kwenye jiwe mpaka ikatoa ndoano kichwani, nikaanza. Yule mama alipoona kazi yangu alimwita bwana wake atoke ofisini aje aangalie. Alisema hajaona mwanamume mwenye vidole kama vyangu, na yeye alikuwa amefika mpaka Bombay.

Spoku hiyo ndiyo natumia mpaka leo. Na karatasi ya michoro sijawahi kushika. Yangu yote yako kichwani.

Sasa niambie, ni mtoto gani wa nyumba hizi za landhi aliyezaliwa miezi ya baridi bila kufunikwa na kazi yangu? Hata Chepngeno, mtoto wa kwanza wa Cheptanui huyo huyo, alifunikwa na shali yangu ya kijivu niliyofumua kutoka sweta kuukuu la mzungu mmoja wa Turi. Mama yake ameshasahau. Mimi sijasahau.

Nitakuambia jambo ambalo Eucabeth hajui. Siku moja nilienda kwenye kile chama cha akina mama. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi, na mfuko wangu wa nyuzi. Mmoja akaniangalia akasema, "Mzee, hapa ni pa akina mama. Labda umepotea?" Mimi nipotee! Nilitaka tu kuwaonyesha makosa yao. Nikavaa kofia nikarudi. Cheptanui alikuwa mstari wa mbele na aliniona, na mpaka leo hajasema neno juu ya siku hiyo. Ananihurumia, na huruma yake hiyo siitaki.

Tangu picha yako ifike, kila mama mwenye mimba anataka "shali kama ya Milcah". Wanapita mbele ya mlango wangu wakienda kwake. Wananisalimia vizuri sana, "Hujambo mzee, goti linaendeleaje?" Zamani hawakuwa na nafasi ya kuuliza goti, walikuwa wanauliza shali itaisha lini.

Na si hayo tu. Eucabeth ameiweka picha juu ya kabati ya vyombo, ameiegemeza kwenye birika. Kila siku saa kumi Cheptanui anaingia. "Nimekuja kumsalimia mtoto." Anakaa, anapewa chai, anaitazama picha. Nikawa nasema moyoni, huyu hamsalimii mtoto, anasalimia shali yake. Siku moja nikaigeuza picha kabla hajaja. Eucabeth akasema, "Mzee, umemgeuza mtoto wa watu aangalie ukuta? Amekosa nini?" Nikairudisha. Kitu kimoja kilinifurahisha kidogo: picha haina rangi. Ule wekundu wote anaojivunia umetoka mweusi kama moshi wa injini.

Nije sasa kwenye barua yako, maana ndiyo iliyoniangusha.

Jumapili ya kwanza tangu barua ifike, baada ya kanisa, watu walikusanyika hapa kwetu, Mwalimu Kiplangat akasoma kwa sauti. Ulianza vizuri, salamu, masomo, wagonjwa. Halafu akafika mahali umeandika hivi: "Mwambieni Baba Mkubwa blauzi yake ilifika salama. Ni kubwa. Mimi na mwenzangu wa kutoka Jamaika tunaingia humo pamoja na nafasi inabaki."

Binti yangu! Mbele ya watu!

Cheptanui alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wawili! Mzee wa Bendera, ulifuma blauzi ama ulifuma hema?" Kemboi naye, mtu ambaye hacheki hata akilipwa, akasema, "Ilibaki kuweka mlango tu." Na Eucabeth, mke wangu wa ndoa, alicheka ndani ya leso akadhani simwoni.

Nikamjazia Kemboi chai kama mtu mzima. Lakini sasa nataka ujue kosa lilitoka wapi, maana halikutoka kwangu.

Unakumbuka siku ya kuondoka kwako, Septemba iliyopita, pale stesheni. Ulikuwa umevaa gauni, juu yake sweta, juu yake lile koti kubwa la misheni lililofika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Treni ilikuwa imeshapiga filimbi ya kwanza. Hapo ndipo Cheptanui akatoa shali yake kutoka kwenye kikapu, hakuna aliyejua anayo, akakufunika juu ya koti mbele ya watu wote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekuja na ndizi.

Nikasema papo hapo, mtoto huyu nitamfumia blauzi nzima yenye mikono na kola, nimtumie kwa posta, aone tofauti. Eucabeth akanong'ona, "Basi mpime upesi, nina uzi hapa." Nikamwambia aweke uzi wake. Nikakukumbatia badala yake. Ulifikiri nalia, nilikuona. Sikuwa nalia, nilikuwa nachukua kipimo.

Treni ilipoondoka sikuishusha mikono. Nilitembea nayo ikiwa imezunguka vile vile, kutoka stesheni mpaka hapa nyumbani, bila kuilegeza hata kidogo. Watu walinipisha njia. Cheptanui alikuwa nyuma yangu akiniimbia, "Mzee wa Bendera, umebeba pipa gani lisiloonekana?" Sikumjibu, kwa sababu mtu akijibu anatikisika. Nilipofika, Eucabeth alileta gunia, akalijaza majani makavu nikiwa nimelikumbatia, akashindilia mpaka likajaa mikono yangu sawasawa. Blauzi yako niliifuma juu ya gunia hilo wiki tano. Gunia lilitosha kabisa. Haikubana wala haikulegea.

Sasa hesabu na wewe. Ndani ya mikono yangu kulikuwa na nini? Wewe, gauni, sweta, koti la misheni, na juu ya yote ile shali nene ya Cheptanui. Shali yake ndiyo iliyoharibu kipimo changu. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Kwa hiyo hata blauzi yako ilinifuma mimi ndani." Mtu wa maneno sana huyo.

Lakini sasa sikiliza. Nimefikiria neno lako siku nyingi, na naona watu hawa walicheka upesi mno. Uliandika tena chini yake, na Kiplangat alisoma, ila walikuwa bado wanacheka hawakusikia. Mimi nilisikia. Uliandika kwamba makaa yakiisha chumbani mnaingia humo wote wawili, wewe mkono wa kulia na mwenzako mkono wa kushoto, mnasoma vitabu vyenu mpaka mtu alete makaa mengine. Basi! Shali ya Cheptanui inapasha moto mtu mmoja. Yangu inapasha moto wawili, na mmoja wao ametoka ng'ambo nyingine ya dunia. Ni nani mwingine hapa Molo kazi yake imefunika mtu wa Jamaika? Nimeuliza swali hilo hadharani na hakuna aliyejibu.

Hata hivyo nataka ikutoshe. Sitaki iwe hema.

Sasa jambo lenyewe ni hili, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Mwalimu Kiplangat amepata nafasi ya kwenda huko kwenu kwa masomo ya ualimu ya mwaka mmoja. Anaondoka katikati ya Septemba na amesema atapita Leeds kukuona. Sanduku lake limejaa vitabu. Ametuambia ana nafasi ya kitu kimoja cha sufu. Kimoja, si viwili.

Kabla sijafungua mdomo Cheptanui akasema, "Basi atabeba shali yangu ya pili, nimeshafika katikati." Alikuwa ameianza kimya kimya! Nikasema hapana, shali anayo, sasa ni zamu ya blauzi. Tukavutana. Kiplangat anatuogopa wote wawili, akasema, "Nitabeba kile kitakachokuwa tayari, na kitakachomtosha." Aliposema kitakachomtosha, nyumba nzima ikanigeukia mimi.

Cheptanui akanywa chai yake polepole. "Yangu haina haja ya kuuliza kipimo, Mzee. Shali haina saizi."

Ni kweli haina saizi. Hata ng'ombe utamfunika shali. Lakini hili la ng'ombe lilinijia kesho yake.

Nikaona niitafutie kazi yake kosa linaloonekana. Nilichukua picha, nikaiweka katikati ya kitabu cha nyimbo isikunjike, nikaenda nayo kwa Omolo fundi saa, yule Mjaluo ambaye kibanda chake kiko nyuma ya duka la Mhindi. Ana ile lenzi anayobana kwenye jicho. Nikamwambia, niazime jicho lako nihesabu mistari. Akanipa. Na nikapata! Mstari wa nne kutoka chini, karibu na mkono wako wa kushoto, Cheptanui ameruka tundu moja. Tundu moja zima! Ukienda mbele ya kioo utaliona. Nikamwonyesha Omolo kwa furaha kubwa.

Omolo akachukua lenzi akaangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi sijui mambo ya tundu, mzee. Lakini huyu mtoto amekonda."

Nikamwambia ni picha tu, picha za wazungu zinakondesha watu. Akanirudishia lenzi. "Angalia mkono, mahali angevaa saa."

Nikaangalia. Milcah, niliuona mfupa wa kifundo cha mkono wako umetokeza kama kichwa cha msumari. Na shingo. Na mashavu, hata katika kicheko. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo siku kumi na mbili, nimehesabu kila pindo la shali, na uso wako nilikuwa sijautazama hata mara moja.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Eucabeth kwa upole kwamba mtoto amekonda. Unajua alinijibu nini? "Cheptanui alisema hivyo siku ile ile picha ilipofika. Kwa nini unafikiri anakuja kila siku saa kumi? Anamwangalia mtoto, anasema amepungua, anasema shali ya pili ataifuma nzito zaidi."

Kwa hiyo hata hapo alinitangulia. Mengine yote naweza kuyavumilia, chama chao, uzi mpya, vicheko. Lakini kwamba jirani alimwona binti yangu kabla yangu mimi, hilo limelala na mimi kila siku tangu siku hiyo.

Sasa nitakuambia kwa nini sikutaka uzi pale stesheni, maana labda ulidhani ni ukaidi wa mzee. Katika nyumba ya baba yetu mtu aliye hai hapimwi kwa kamba wala kwa uzi. Mama yetu alitukataza tangu tukiwa watoto. Lakini mimi nina sababu nyingine. Baba yako Wasike alipotutoka, wewe ulikuwa mdogo, umefungwa mgongoni mwa mama yako. Fundi wa sanduku la kuzikia alikuja na kamba, akatafuta mtu wa kumshikia upande mmoja. Watu wote walikuwa wanalia. Nikashika mimi. Nilishika upande wa kichwa. Tangu siku hiyo sijazungusha uzi kwa mtu ninayempenda. Watoto wote wa landhi nimewapima kwa macho na kwa mikono, na hakuna aliyelalamika, maana mtoto akikosewa anakua mpaka nguo inamtosha.

Lakini wewe huwezi kukua ukaijaza ile blauzi. Na mikono yangu haikufikii huko. Macho nayo nimeona yanavyonidanganya.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo sikudhani nitalifanya. Ndani ya bahasha hii kuna uzi. Si kamba, ni uzi wa sufu, usije ukasema Baba Mkubwa amekutumia kamba. Fanya hivi. Usimpe mtu mwingine akupime, jipime mwenyewe. Ukiwa umesimama, si umekaa wala umelala. Uwe umetoka kula. Mchana. Bila koti, bila sweta, na hasa bila shali ya mtu yeyote. Zungusha kifuani, kata hapo. Halafu kwenye kipande hicho piga fundo moja kwa urefu kutoka bega mpaka mwisho wa mkono, na mafundo mawili kwa urefu kutoka bega mpaka kiunoni. Kitie katika bahasha unirudishie kwa ndege, si kwa meli. Kikifika mwanzo wa Agosti, nina wiki sita. Blauzi yako nitaimaliza kwa wiki nne, hata kama goti litalia.

Na tangu sasa jipime kila mwezi. Uzi ukizidi kuwa mfupi, niandikie haraka, hata kama ni saa ya masomo. Nitakuja kuwauliza hao watu wa hospitali wanakulisha nini. Usicheke. Mimi nimesimamisha treni kwa bendera moja miaka thelathini.

Nyuzi ninazo. Nimefumua sweta langu la reli, lile la buluu nililopewa siku ya kustaafu. Eucabeth amenikasirikia, anasema huu si wakati wa kubaki bila sweta. Mwambie ukimwandikia kwamba mimi sisikii baridi. Sufu yake ni ngumu na nzuri, haijapata kutoboka, na ile ya dukani ya Cheptanui haiwezi kusimama karibu nayo.

Yeye naye aliniona nikilifumua pale mlangoni. Nilingoja anicheke. Alisimama kidogo, akasema, "Mwambie apime akiwa ameshiba." Akaenda zake. Hapo juu nimeandika uwe umetoka kula, lakini nilikuwa nimelifikiria mwenyewe kabla hajasema.

Sasa nimalize, mkono umechoka na karatasi inakwisha. Eucabeth anakusalimu sana, anasema usiache chai ya maziwa. Mama yako Nasimiyu huko Kimilili nimemtumia habari zako, ila la kukonda sikumwambia, na wewe usimwambie. Chepngeno anakusalimu, amefaulu mtihani wake. Omolo fundi saa anakusalimu ingawa hamjuani. Kemboi anakusalimu. Cheptanui naye amesema nikusalimie, basi nimekusalimia. Msalimu sana yule mwenzako wa Jamaika, mwambie mkono wa kushoto wa blauzi ni wake, nimempa, asiogope.

Mungu wa baba yako akutie nyama mwilini, akuepushe na kila homa unayoiuguza kwa wengine, akuongezee makaa chumbani, na siku ya kurudi akushushe hapa Molo ukiwa mzito kuliko mzigo wako.

Ni mimi nikupendaye kuliko yule jirani,
Baba yako Mkubwa,
Nicodemus Masinde

Neno nililosahau. Uzi huo sikuukata ovyo. Nilisimama pale mlangoni, nikafungua mikono kama siku ile stesheni, Eucabeth akauzungusha ndani yake na tukakata hapo. Ndiyo maana ni mrefu hivyo. Kata panapokutosha, unirudishie kipande chako. Kile kitakachobaki usinirudishie, kaa nacho huko. Lakini usikitumie kuzibia lile tundu la shali ya Cheptanui.